Barua Iliyokuja Bila Bahasha

Mwanamke yule alikuja kwetu Mkomani, mtaa wa Amu, Jumanne moja baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimekaa ukumbini nikisahihisha madaftari ya darasa la nne. Nilijua ni mtu wa bara kabla sijamwona. Sisi hupaza salamu tukangoja, lakini yeye aligonga mlango mara tatu kwa kifundo cha kidole, kama wanavyogonga askari. Nilipofungua, alikuwa amesimama kati ya mabaraza mawili ya mawe yaliyo nje ya mlango wetu. Alivaa kizibao cha chama cha msaada, chenye nembo kifuani, na mtandio aliojifunga kichwani kwa namna ya mtu asiyeuzoea.

Alinisalimia vizuri. Kisha akataja jina la mdogo wangu, jina la baba yetu na jina la babu yetu, yote matatu kwa mpangilio, akauliza kama hapa ndipo kwao.

Nikamjibu, "Hatuna mtu wa jina hilo."

Nilisema hivyo bila kukwama, na bado nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nyuma yangu mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alisikia kila neno, naye hakunisahihisha. Badala yake alisogea mbele, akamtazama mgeni kuanzia viatu hadi mtandio, akasema kwa Kiamu chake, "Siyui mtu huyo, Bi. Huenda umepotea ndia."

Mwanamke hakubishana. Alisema ana karatasi ya ujumbe kutoka kwa mtu mwenye jina hilo, na kwamba hatampa asiyekuwa wa jamaa yake. Akasema ataiweka ofisini, na ikiwa kuna siku tutamkumbuka mtu huyo, twende. Alisema *tutamkumbuka* kwa upole kabisa, akashuka ngazi, akakunja kona.

Upole ule ndio ulionitia hofu. Mtu mwenye nia njema, niliwaza, angesisitiza.

Ni lazima nieleze kwa nini tulimkana mtoto wetu. Mdogo wangu alikuwa fundi wa injini za boti. Miaka mitano kabla ya Jumanne hiyo alikuwa akifanya kazi kisiwani Kiwayu, upande wa mpakani, akirekebisha injini za wavuvi. Siku moja alipanda boti na wenzake wawili kwenda kujaribu injini aliyoifungua na kuifunga upya. Hawakurudi. Watu walitafuta kwa siku tisa na hawakupata hata ubao.

Kwingine mtu akipotea baharini, watu huja kutoa pole. Kwetu, miaka ile, kijana akitoweka upande wa kaskazini karibu na mpaka, hakuna aliyeuliza amezama vipi. Waliuliza amekwenda kwa nani. Wako waliovuka wenyewe kwenda kushika bunduki. Wako pia waliochukuliwa mchana na watu wasio na sare, wakaingizwa garini upande wa bara, na wazee wao wakawa wanazunguka vituoni wakiambiwa hawajulikani. Nyumba iliyopata sifa ya kupoteza kijana iliandikwa mahali, na ikishaandikwa haifutwi. Baba alituita mimi na mama, akasema kuanzia siku ile mdogo wangu yuko Arabuni, ni dereva, na simu huko ni ghali. Tulilisema hilo hata matangani. Baba alipofariki mwaka wa tatu, watu walituuliza kama kijana amearifiwa. Mama akawajibu kwamba amearifiwa na amelia sana.

Kwa hiyo mgeni yule hakuwa amebisha kwenye nyumba ya watu wenye mtu aliyepotea. Alibisha kwenye nyumba yenye dereva Arabuni.

Baada ya siku hiyo nilianza kumchunguza. Amu ni mji mdogo, mtu hawezi kujificha, na mtumishi wa chama anayevaa kizibao ndiyo kabisa. Nilimwona gatini akihesabu magunia ya unga yaliyokuwa yakipakiwa kwenda visiwa vya kaskazini. Nilimwona akiongea na afisa mmoja wa polisi, wakicheka, wakisema lugha yao ya bara ambayo siielewi. Nilimwona ameketi nje ya zahanati na mama mmoja wa Pate ambaye wanawe wawili walitoweka, amemshika mkono. Moyo wangu ulisema: sasa anamtoa yule maneno. Kila nilichokiona niliweza kukiweka mahali pake. Cheko lilikuwa ushahidi, na kushikana mikono kulikuwa ushahidi pia.

Nyumbani hatukulitaja jambo hilo. Lakini mama alianza kufunga komeo la mlango mchana, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Mara moja nilimkuta amefungua sanduku la nguo za mdogo wangu. Aliponiona akalifunga, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ndiye niliyempelekea jina mwanamke yule. Niliapa kwamba sikumpelekea. Nilimwona hakuridhika. Na mimi, niseme kweli, nilikuwa nikijiuliza swali hilo hilo juu yake.

Miezi miwili ikapita. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba walimu wote watafundishwa huduma ya kwanza, siku mbili, na kuhudhuria ni lazima. Nilipoingia darasani Jumatatu ile, nilimkuta mwanamke yule yule mbele ya ubao amesimama na bandeji na mdoli wa plastiki wa kufundishia. Nilikaa kiti cha nyuma, nikangoja anitazame kwa namna ya kunitambua.

Hakunitazama hivyo. Kwa siku mbili alitufundisha kuzuia damu, kumlaza aliyezirai, kumpumulisha aliyeokolewa majini. Aliniita "Mwalimu" kama alivyowaita wengine. Tulipofika somo la mfupa uliovunjika alihitaji mtu wa kumfungia mfano, na kwa bahati akanichagua mimi. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaweka vipande viwili vya ubao, akafunga bandeji taratibu huku akieleza. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Hakukuwa na dalili hata moja usoni mwake kwamba aliwahi kusimama mlangoni kwangu nikamdanganya.

Siku ya pili, wenzangu walipotoka kwenda kunywa chai, nilibaki nikijidai napanga viti. Nilimkaribia. Nilitaka kumwambia kwamba najua kazi yake ya pili. Badala yake nikajisikia nikiuliza, "Ile karatasi bado unayo?"

Alikuwa akikunja bandeji. Hakuacha kukunja. "Ninayo, Mwalimu. Imekaa kabatini na nimeifungia. Hakuna aliyeisoma hapa ila mimi, kwa sababu ni lazima niisome."

"Kwa nini ni lazima?"

Akanieleza kwamba ujumbe wa aina ile hutoka gerezani au kambini, na haufungwi katika bahasha. Unasomwa na wanaomshikilia mtu, unasomwa na chama cha kule, kisha na cha huku. Unaruhusiwa kubeba habari za nyumbani tu: afya, salamu, kuzaliwa, kufa. Kikizidi kitu, kinafutwa. Nilimsikiliza nikifikiri kwamba barua iliyopita mikono yote hiyo, kisha ikasemwa ni siri, ni jambo la kuchekesha.

Nilikwenda ofisini kwao Ijumaa, nikazunguka vichochoro vinne ili nisionekane nikitoka kwetu moja kwa moja. Alinipa kiti na karatasi, akatoka nje, akaurudishia mlango. Ilikuwa fomu yenye mhuri wa nchi ya ng'ambo ya bahari. Ilisema: *Mama na Baba, mimi ni mzima. Boti iliharibika tukachukuliwa na maji. Niko mahali, napata chakula. Wenzangu wawili Mungu amewarehemu. Baba, nisamehe kwa kukutia wasiwasi, niombee.* Baada ya hapo mistari miwili ilikuwa imepakwa wino mweusi, mzito, uliopenya hadi upande wa pili. Chini kabisa kulikuwa na salamu kwangu, kwa jina langu la utotoni.

Nilipaswa kulia. Sikulia, kwa sababu mwandiko haukuwa wake.

Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kuandika. Nilimwekea mkono juu ya mkono, nikamchapa kwa njiti ya ufagio alipochora herufi kichwa chini. Mwandiko wake niliujua kama sauti yake: mkubwa, umelalia kushoto, herufi zake zikigongana kama abiria wanaogombea kushuka gatini. Huu uliokuwa mbele yangu ulikuwa mdogo, mnyoofu, wa mtu aliyesoma sana. Na jina langu la utotoni, niliwaza, yeyote anaweza kulipata kwa kumuuliza mzee yeyote wa Mkomani. Huenda hata yule mama wa Pate alilijua.

Mwanamke aliporudi nilimwambia huyu si ndugu yangu. Nikamwambia kuhusu mwandiko. Alifikiri kidogo, akasema sina haja ya kumwamini yeye. Akanipa fomu tupu. "Muulize kitu ambacho mimi siwezi kukijua," akasema. "Wala mtu mwingine."

Jambo kama hilo lilikuwapo moja tu. Mdogo wangu alipokuwa na miaka saba, alipanda ukuta wa birika la kutawadhia pale msikitini ili akamate vile visamaki vinavyofugwa mle kula viluwiluwi vya mbu. Akatumbukia. Alinijia nje amelowa kanzu nzima, anatetemeka. Tukijua kipigo kinachotungoja, tulikubaliana uongo kabla ya kufika nyumbani: tukamwambia mama kwamba jirani yetu wa ghorofani amemmwagia maji kutoka dirishani alipokuwa akipita kichochoroni. Mama alipanda kwa jirani yule siku hiyo hiyo wakagombana vibaya. Kwa zaidi ya miaka ishirini hawakupeana salamu. Sisi wawili hatukuwahi kumwambia mtu.

Niliandika: *Siku ulipolowa kanzu, tulimwambia Mama nini, na kweli ilikuwa nini?* Nikamsalimia kwa maneno machache. Kuhusu baba sikuandika kitu. Nilijiambia kwamba ikiwa huu ni mtego, sitaupa msiba wetu kama chambo. Hilo ndilo ninalojilaumu nalo kuliko kumkana mlangoni. Kwa miezi minne iliyofuata, mtu aliyekuwa kule ng'ambo aliendelea kumwombea afya mtu aliyekufa, na mimi ndiye niliyemwachia.

Jibu lilipofika, mwanamke yule hakuja nyumbani. Alimtuma mwalimu mwenzangu aniambie kwamba kuna cheti cha mafunzo sijakichukua. Nilielewa. Nikaenda nikaisoma karatasi nimesimama.

*Tulimwambia ni maji ya dirishani. Kweli ni samaki wa birika. Hukupata kipigo, dada, bali mimi nilipata homa. Anayeandika hapa ni mwenzangu mtu wa Unguja, si mimi, kwa kuwa mkono wangu wa kulia* — na hapo wino mweusi ukaanza, ukala mstari mzima na nusu. Baada yake: *Baba yu hali gani? Mbona hukumtaja?*

Nilikaa chini. Mwanamke alinisogezea glasi ya maji, akatoka tena nje kama mara ya kwanza.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mama, kwa sababu ili aamini ilibidi nimweleze swali, na kumweleza swali ni kukiri uongo. Nilimsomea yote baada ya maghribi. Macho yake yalikuwa mkekani. Nilidhani anawaza juu ya mkono wa mwanawe. Mwishowe akasema, "Kumbe jirani hakummwaia mai."

Kesho yake asubuhi alivaa buibui akapanda kwa jirani, ambaye siku hizo alikuwa haamki kitandani. Alikaa huko hadi adhuhuri. Sijui walisemezana nini, na kila nilipomuuliza alinijibu kwamba mambo ya wazee si yangu.

Tangu hapo mama aliamini moja kwa moja. Mimi sikuweza. Niliamini kwamba mdogo wangu yu hai, ila sikuacha kuwa na shaka na wale waliokuwa katikati yetu. Nani aliyepaka wino? Kila karatasi iliyopita, nakala yake ilibaki wapi? Nilimuuliza mwanamke yule waziwazi siku moja kama polisi huwa wanaomba kuona mafaili yake. Alisema waliwahi kuomba, na hakuwapa. Nilimtazama machoni. Hayakukwepa. Nikawaza kwamba macho ya mtu aliyefundishwa nayo hayakwepi.

Baadaye alitupangia simu. Ilikuwa saa nne asubuhi, ofisini kwao, dakika chache tu, spika ikiwa wazi na mtu wa upande wa pili akisikiliza. Sauti ya mdogo wangu ilikuja imekonda, lakini ilikuwa yake. Alianza kusalimu kwa taratibu, Mama hujambo, dada hujambo, Baba je. Nilifungua mdomo kutafuta njia. Mama akanitangulia.

"Baba wako ametutoka," akasema. "Ni mwaka wa tatu sasa. Alikufa radhi nawe. Ndoo kwetu, mwanangu. Ndoo."

Alimwita aje, mara mbili, kama anavyoitwa mtoto anayecheza nje. Upande wa pili zilisikika kelele tu za chumba kikubwa chenye watu wengi, mpaka simu ikakatika. Mwanamke wa chama alikuwa amegeukia dirisha. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Hata hapo, Mungu anisamehe, nilijiuliza kama ni kilio cha kweli.

Ilichukua mwaka na zaidi, barua za ubalozi, vyeti vya kuzaliwa vilivyokuwa na makosa ya herufi, mpaka akaachiwa. Katika muda huo mwanamke yule alihamishiwa sehemu za ukame huko kaskazini ya nchi. Alikuja kutuaga nyumbani, na safari hii hakugonga. Alisimama nje akatoa salamu kama sisi, akangoja. Mama alimfunga mkate wa mofa wa kula njiani. Mimi nilimpa mkono.

Afisa aliyechukua nafasi yake, mwanamume mtaratibu, ndiye aliyekwenda nasi uwanja wa ndege wa Manda kumlaki. Mdogo wangu alishuka kwenye ndege amevaa suruali iliyomzidi kiuno, mkono wa kulia ameuweka mfukoni. Nilipoushika nilikuta vidole vitatu havikunjiki. Mama hakuutazama mkono. Alimshika masikio yote mawili, akamwinamisha, akamnusa kichwani.

Siku ya tatu walikuja wanaume wawili waliovaa mashati ya kawaida. Walikuwa na adabu. Walisema ni maswali machache tu. Walimchukua, na hakurudi siku hiyo wala usiku wake.

Sikuhitaji kufikiri. Jina langu la utotoni, dereva wa Arabuni, mwandiko, birika, kifo cha baba, nje ya nyumba yetu hakuna aliyeyajua yote isipokuwa mtu mmoja. Na mchana wa kesho yake, mama akiwa amekaa sakafuni hali wala hanywi, simu yangu ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke yule, kutoka huko kwenye ukame, na upepo mwingi ukivuma nyuma yake. Aliuliza kwa furaha kama kijana amefika.

"Amefika," nikasema.

"Na anaendeleaje?"

"Unajua wewe anavyoendelea," nikamjibu, nikakata simu. Alipiga tena, sikupokea.

Mdogo wangu aliachiwa jioni ile. Hakuwa amepigwa. Alioga, akala wali kidogo kwa mkono wa kushoto, kisha nikamuuliza walimuuliza nini. Akasema walimuuliza jina la baba yake na kama yuko hai. Walimuuliza alikuwa nchi gani, na aliondoka lini, na kwa chombo gani. Walimuuliza kama ana ndugu. Hata jina la gereza aliwatajia yeye, wakamwomba alirudie ili waliandike. Karatasi pekee waliyokuwa nayo mezani ilikuwa orodha ya waliopita uhamiaji wiki ile pale uwanja wa ndege wa Nairobi, jina lake likiwa limepigiwa mstari.

Hawakuwa wakijua chochote. Kama mwanamke yule angewapa nusu tu ya alichokuwa nacho kabatini, wasingekuwa na haja ya kumuuliza maswali hayo.

Nilingoja mdogo wangu alale, nikapiga ile namba. Haikupatikana. Nilipiga kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Nadhani huko aliko mtandao ni wa shida, au alibadilisha laini. Huenda pia aliniona ni mtu wa kuachana naye, na hapo nisingemlaumu.

Sasa mdogo wangu anafundisha vijana wa gatini kufungua injini. Mikono ni yao, macho ni yake. Kuhusu ile miaka hasemi, nami sichokonoi. Mama haufungi tena mlango mchana, lakini akisikia mtu akigonga kwa kifundo cha kidole, hulitazama komeo kwanza.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule afisa mwanamume nikamwomba namba mpya ya mwenzake. Alisema hana ruhusa ya kutoa namba za wenzake, na hilo lilinipendeza kidogo. Akaniuliza kama kuna ujumbe. Nilisimama pale nikitafuta maneno, mimi niliyefundisha watu kuandika, nikayakosa. Nilimwambia amsalimie tu, amwambie ni yule mwalimu wa Mkomani, na kwamba nilikosea. Akaahidi kumfikishia. Alikuwa na haraka, watu walikuwa wanamngoja nje, na sikumwona akiandika popote.